Andika Kisio Lako Kwanza

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa informatiki na takwimu, Goma

Wanafunzi wapendwa, walimu wenzangu, nanyi wazazi mliofika mapema ingawa mvua imetunyeshea tangu alfajiri: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya mazoezi. Yale maswali madogo ya programu na ya takwimu mtakayopewa kila wiki mwaka huu wote, ambayo wengi wenu mtayanakili kwa mwenzenu usiku wa kuamkia siku ya kuyakabidhi. Watu huyachukulia kama kodi: ulipe, upite. Mimi naona ndiyo masomo yenyewe, na anayoyasema mwalimu ubaoni ni utangulizi wake. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili. Shirika moja lilinipa kazi ya wiki mbili. Kulikuwa na orodha ya watu 600 waliokimbia vita wakapiga hema kando ya barabara ya Sake. Majina na umri wao yalikuwa yamekwisha kuingizwa kwenye kompyuta, na mimi nilitakiwa nitoe jedwali. Niliandika programu fupi, mistari isiyozidi 20. Ilikimbia mara ya kwanza bila kulalamika, na aliyewahi kuandika programu anaijua furaha hiyo. Ikatoa wastani wa umri: miaka 52.6. Nikauandika kwenye jedwali, nikachapa, nikapeleka.

Jedwali likamfikia mama mmoja aliyekuwa akiandikisha watu kule kambini, hema kwa hema. Hakuwahi kusoma takwimu chuoni. Aliitazama ile karatasi kitambo, akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, hawa wazee wote umewakuta wapi?”

Asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoka kupita katikati ya watoto. Watoto foleni ya maji, watoto migongoni mwa dada zao, watoto kila hema. Tukarudi pamoja kwenye orodha, mstari kwa mstari, tukakuta kwamba mtu ambaye umri wake haukujulikana alikuwa ameandikiwa 999. Walikuwa 20 tu. Wengine 580 wastani wao ulikuwa kama miaka 20, lakini wale 20, kila mmoja na miaka yake 999, wakauvuta wastani wa wote hadi 52.

Kompyuta haikukosea; ilijumlisha nilichoiambia ijumlishe, ikagawa kwa 600, na hesabu yake ilikuwa sahihi hadi desimali ya mwisho. Ila kwa karatasi ile, mgao wa unga wa uji wa watoto ulikuwa umekwisha kupunguzwa, na ilichukua siku mbili kuurudisha. Nina watoto sasa. Siku mbili za mtoto kungoja uji nazijua uzito wake.

Yule mama alinizidi kwa kitu kimoja. Kabla hajaiona namba, tayari alikuwa na namba kichwani. Hakuikokotoa, hakuiandika, lakini alikuwa nayo, na nilipomletea yangu aliziweka pamoja akaona haziendani. Mimi nilikuwa mtupu. Namba yoyote ambayo mashine ingenitolea ningeipokea. Na habari ningeweza kuipata bila hata kutoka nje: nchi yetu ni ya vijana, nusu ya watu wake hawajafika miaka 18. Ningekaa nusu dakika nikajiuliza umri wa watu kambini unaweza kuwa kiasi gani, ningesema 15, ningesema 20, na ile 52 ingenipiga usoni.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja. Kabla hujakokotoa, kabla hujabonyeza kitufe cha kuendesha programu, andika kisio lako. Kwa kalamu, kwenye daftari, mahali usipoweza kulifuta. Halafu ndipo ukokotoe.

Nawaona wengine mnatabasamu, mnadhani ni jambo dogo. Tazameni basi namna mazoezi yanavyofanywa sasa. Swali linatoka Jumatatu. Jumatano mmoja wa promosyo, yaani wa darasa lenu la mwaka huo, amelifanya, au kakake amemfanyia. Alhamisi picha ya jibu inazunguka WhatsApp. Ijumaa watu 80 wanakabidhi jibu lilelile, lenye kosa lilelile kwenye mstari wa sita. Aliyenakili huyu si mvivu kila mara. Mara nyingi ameisoma ile picha kwa makini, ameifuata mstari kwa mstari, na moyoni ameridhika kabisa kwamba ameelewa.

Sasa mfikirie kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, anayeteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Sote tumemwona. Tunajua goti analiweka wapi, tunajua anavyokanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ili kupunguza mwendo. Tumetazama hivyo tangu utotoni, hakuna tusichokielewa. Lakini ukabidhiwe chukudu ile pale juu, na magunia yake, uteremke nayo wewe. Kuelewa jibu la mwenzako kuna umbali huohuo na kulitoa mwenyewe.

Na siku hizi hata mwenzako humhitaji. Unaiandikia simu swali, inakuletea programu nzima na maelezo yake. Mimi siwakatazi, na mimi naitumia. Lakini anayeitumia vizuri ni yule mwenye namba yake kichwani kabla jibu halijaja. Asiye nayo yuko pale nilipokuwa mimi na jedwali langu mkononi.

Niwape zoezi la wiki ya kwanza, la Python, jinsi nilivyoliandika ubaoni mwaka jana:

jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
print(jumla)

Nikawaambia: msiguse kompyuta. Andikeni, mashine itatoa namba gani? Karibu ukumbi wote ukaandika 15, yaani 1 na 2 na 3 na 4 na 5. Tukaendesha. Ikatoa 10.

Ile dakika ya kimya iliyofuata ndiyo ninayoitafuta katika kila zoezi. Kama ningewaonyesha tu programu pamoja na jibu lake, wangeandika 10 kwenye daftari, wakageuza ukurasa, na wasingejua kamwe kwamba vichwani mwao mlikuwa na 15. Kwa kuwa waliikisia 15 na kuiandika kwa wino, walitaka kujua ile 5 imekwenda wapi. Tukachora jedwali la safu mbili, moja ya i na moja ya jumla, tukatembea na kitanzi, yaani ile sehemu ya for inayojirudia, hatua kwa hatua kama mashine inavyotembea. i ni 1, jumla ni 1. i ni 2, jumla ni 3. i ni 3, jumla ni 6. i ni 4, jumla ni 10. Kisha kitanzi kinafika kwenye 5 na hakiingii, kwa sababu range huanza na namba ya kwanza uliyoipa na husimama kabla ya ile ya mwisho. Silabasi inasema hivyo ukurasa wa mwanzo kabisa, na wote walikuwa wameisoma.

Kosa la namna hii ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Ukisahau nukta mbili mwisho wa mstari wa for, Python itakataa papo hapo na kukuonyesha mstari wenyewe. Hilo si tatizo, ni msaada. Lakini ukiwa na mauzo ya siku saba na kitanzi chako kikaishia siku ya sita, hakuna kitakachokuambia. Itatoka namba safi, yenye sura ya kweli, na utaipeleka kwa mtu.

Jedwali lile la safu mbili halihitaji umeme. Nalisema kwa sababu najua tunavyoishi: umeme unakuja saa nne za usiku, unaondoka kabla hujamaliza, na kompyuta moja mnaigawana watu wanne. Mwanafunzi anasema, nitafanya mazoezi nikipata mashine. Msingoje. Shika kalamu, uwe wewe ndiye mashine. Ukifika zamu yako ya kompyuta, dakika zako kumi zitatosha, kwa kuwa unakwenda kulinganisha tu.

Jingine ni lugha. Mwalimu anafundisha kwa Kifaransa. Python inaagizwa kwa maneno ya Kiingereza. Na wewe, ukiwa peke yako na swali gumu, unawaza kwa Kiswahili, au kwa Kinande, Kihunde, Kishi, Kinyarwanda. Wengi hupotelea hapo, wakajidhania hawana akili ya informatiki. Hebu tuhesabu mzigo wenyewe. Guido van Rossum, Mholanzi, aliitoa Python mwaka 1991, na maneno yaliyotengwa kwa ajili yake hata leo hayafiki 40. Mwezi mmoja unatosha kuyazoea. Yaliyobaki, majina ya vigeu, yaani ya vitu unavyowekea thamani, unayatunga wewe mwenyewe, na mashine haijali lugha: jumla, bei, siku, deni. Liandike kwanza swali kwa lugha unayoota nayo. “Nipitie kila siku ya wiki, mauzo ya siku hiyo niyaongeze kwenye jumla, mwisho nigawe kwa idadi ya siku.” Mtu aliyeandika sentensi hiyo ameshaandika programu, bado kuivika nguo.

Nije kwenye takwimu, ambako kukisia kuna utamu zaidi kwa sababu maisha yetu yote yamo.

Tuseme kuna motari, dereva wa pikipiki ya kubeba abiria. Kwa siku saba, baada ya kutoa mafuta, amebakiwa na hizi, kwa faranga: 9,000; 11,000; 10,000; 12,000; 10,000; 11,000; na siku ya saba 42,000, kwa kuwa mfanyabiashara mmoja alimkodi kutwa nzima. Kisia wastani kabla hujajumlisha. Wengi huandika 11,000, macho yao yamezoea zile siku sita. Jumla ni 105,000, gawa kwa saba, wastani ni 15,000. Lakini tazama: katika siku saba, siku sita hakuifikia 15,000 hata mara moja. Sasa zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya katikati, mediani: 11,000. Kisio lenu lilikuwa zuri, ila lilikuwa kisio la mediani.

Hapa vitabu vingi husimama. Husema mediani haivutwi na namba kubwa, basi itumie. Mimi siridhiki. Mpeni huyu motari deni: mwenye pikipiki anamdai 13,000 kwa siku. Je, ataweza? Kama mwenye pikipiki anakusanya mara moja kwa wiki, anadai 91,000, na motari ana 105,000. Analipa na anabaki na 14,000. Kwa swali hilo wastani ndio unaosema kweli. Kama anakusanya kila jioni, motari atashindwa tangu jioni ya kwanza, na pikipiki itachukuliwa kabla ile siku ya 42,000 haijafika. Kwa swali hilo mediani ndiyo inayosema kweli. Namba ni zilezile saba, pikipiki ni ileile. Kilichobadilika ni mwenye pikipiki anagonga mlango lini. Wanafunzi wangu nawataka waulize hilo kabla hawajachagua kanuni, na ndiyo maana napenda zoezi lenye mtu ndani yake kuliko lenye x na y tupu.

Mazoezi ya uwezekano nayo huanza na sarafu: tupa sarafu mara 100. Sarafu ipi? Faranga yetu ni noti tupu, na ukiona sarafu Goma, huenda imevuka mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamejibu maswali juu ya kitu wasichokitupa. Kwa hiyo sisi hutupa kizibo cha chupa ya soda. Kina pande mbili, wa maandishi na wa meno, na kina sifa ambayo sarafu haina: hujui jibu. Sarafu kila mtu anaandika nusu kwa nusu bila kuirusha. Kizibo lazima ukirushe. Kimoja kimepindwa sana na kifunguo, kingine kidogo, na kila kimoja kina tabia yake.

Mwanafunzi anakisia, anarusha mara 100, anapata, tuseme, meno mara 60. Swali linalofuata ndilo la thamani: ile 60 niiamini kiasi gani? Kwa mirusho 100, namba unayoipata huweza kupotoka pointi kama 10 juu au chini kwa bahati tu. Ukitaka zishuke hadi 5, hutarusha mara 200. Utarusha mara 400. Kupunguza shaka kwa nusu hugharimu kazi mara nne. Sheria hii huisahau mtu aliyeisoma. Aliyeumwa mkono kwa kurusha hakuisahau. Baada ya hapo ndipo tunaipa Python kazi hiyo, mistari minne au mitano, irushe kizibo cha kufikirika mara 100, halafu irudie mchezo huo mara 1,000, na mwanafunzi anaona kwa macho yake majibu yanavyocheza kuizunguka 60. Hapo programu na takwimu zimekutana, na hakuna aliyelazimishwa.

Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote, nanyi mtanivumilia nilifanye hapa mbele yenu. Kwenye silabasi mmeambiwa kwamba ukitafuta varyansi ya sampuli, yaani kipimo cha mtawanyiko, usigawe kwa n, yaani idadi ya uliowapima, gawa kwa n kasoro moja. Mnakariri. Ukimuuliza mtu sababu, anakujibu ndivyo kanuni ilivyo.

Chukueni vipande vitatu vya karatasi: 1, 2, 3. Hao ndio watu wote wa kijiji. Wastani wao ni 2. Umbali wa kila mmoja kutoka wastani, ukiupiga mraba: 1, 0, 1. Jumla 2, gawa kwa tatu, varyansi ya kweli ya kijiji ni 2/3. Ikumbukeni.

Sasa mgeni hawezi kuwaona watu wote. Anachukua kipande kimoja, anakirudisha, anachukua tena. Jozi anazoweza kupata ni tisa tu: 1 na 1, 1 na 2, 1 na 3, 2 na 1, na kuendelea hadi 3 na 3. Kwa kila jozi akokotoe varyansi kwa kugawa kwa 2. Kisieni: kwa wastani wa jozi zote tisa atapata 2/3?

Tuone. Jozi za namba moja, kama 2 na 2, zinatoa 0, ziko tatu. Jozi za jirani, kama 1 na 2, zinatoa robo. Ziko nne, jumla yake 1. Jozi za 1 na 3 zinatoa 1; ziko mbili, jumla yake 2. Zote pamoja 3. Gawa kwa tisa: 1/3. Mgeni amepata nusu ya ukweli. Kwa nini? Kwa sababu anapima umbali kutoka katikati ya watu wake wawili, si kutoka katikati ya kijiji, na kwa jumla watu hukaa karibu zaidi na katikati ya kikundi chao kidogo. Basi agawe kwa 2 kasoro moja, yaani kwa 1. Kila jibu linakuwa maradufu, na wastani wa jozi zote tisa ni 2/3. Sawasawa na kijiji, bila kupungua wala kuzidi.

Vipande vitatu na robo saa. Mimi niliikariri kanuni hii miaka minne kabla mtu hajanionyesha zile jozi tisa, na nilikaa pale kwenye kiti nikiwaza ni vitu vingapi vingine nimevibeba hivyohivyo.

Nimalizie na mlima, maana huwezi kufundisha takwimu Goma ukaacha kuutazama. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Ikalipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ikalipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, na hiyo mnaikumbuka wenyewe: mliokuwa watoto mlishikwa mkono usiku ule kuelekea Sake au mpakani, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaambiwa ihame tena.

Niliwahi kutoa tarehe hizo tatu kama zoezi. Kijana mmoja hodari akaandika: kutoka 1977 hadi 2002 ni miaka 25, kutoka 2002 hadi 2021 ni miaka 19, wastani ni 22, kwa hiyo mlipuko ujao ni mwaka 2043. Hesabu yake haina doa. Na programu yake ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko yangu.

Nilimwita tukakaa. Nikamuuliza, una milipuko mingapi? Tatu. Una nafasi ngapi kati yake? Akahesabu kwa vidole: mbili. Ni jambo lilelile la kitanzi, nguzo tatu za ua zina nafasi mbili. Basi wastani wako umesimama juu ya namba mbili tu. Kama hata kizibo ulichokirusha mara 100 hukukiamini sawasawa, mlima unauaminije kwa mara mbili? Na mlima haushiki kalenda. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma hawakai wakihesabu miaka. Wanasikiliza mitetemeko ya ardhi, wanapima gesi, na hata hivyo mlipuko wa mwaka 2021 ulikuja na ishara chache mno. Kijana akaniuliza, jibu sahihi la zoezi ni lipi basi? Nikamwambia: takwimu hizi hazitoshi kutabiri mwaka. Akasema hakujua kama jibu la namna hiyo linaruhusiwa. Linaruhusiwa. Na mtu anayeishi chini ya mlima akipewa 2043 kama ahadi, atalala usingizi asiostahili kulala.

Nchi hii ilihesabu watu wake mara ya mwisho kwa sensa mwaka 1984. Nikiwatazama humu, karibu nyote mmezaliwa baada yake. Kila idadi ya watu wa Goma mnayoisikia redioni, kila idadi ya Wakongomani wote, ni kisio: mtu alikaa mahali, akachukua data chache alizokuwa nazo, akaandika programu, akatoa namba. Kwa namba hiyo dawa zinagawanywa, shule zinapangwa, uji unapimwa. Miaka michache kutoka sasa mtu huyo atakuwa mmoja wenu.

Tutakutana hapa kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi. Kuja na kompyuta si lazima. Njooni na daftari lililopigwa mstari katikati ya kila ukurasa, kushoto kisio, kulia jibu, na kizibo kimoja cha soda. Asistenti watakaowasaidia wamekaa pale mbele. Waulizeni bila haya, hata swali mnaloona ni la mtoto.

Na la kwanza tulifanye sasa hivi kabla hamjainuka. Toeni kalamu. Ni watu wangapi wameketi humu ukumbini? Andikeni kwanza, bila kugeuza shingo, kisha tutahesabu safu kwa safu, tukianzia dirishani.